Mwanao anajisomea hesabu ngumu? Mpeleke akatazame maji

HUENDA nyumbani una kijana anayejisomea hisabati na fizikia za kidato cha tano na sita, pengine kama mtahiniwa binafsi. Anakesha na simu na daftari, asubuhi anaamka macho mekundu. Ukimuuliza, anakujibu kuwa hana akili ya hesabu.

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia chanjo na lishe. Lakini kijana asiyelala, anayejiona mjinga, naye ni suala la afya. Na mzazi unaweza kumsaidia hata kama hukusoma masomo hayo.

Mimi nilifika chuo kikuu nimekariri kanuni za kalkulasi bila kujua zinazungumzia nini. Nilikuja kuelewa hapa Mafia, nimekaa ufukweni Utende nikisubiri mashua ya kuvuka kwenda Chole.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja

Wavuvi wanalijua hili bila daftari. Maji yakianza kujaa huenda taratibu, katikati hukimbia, kisha hupunguza mwendo, husimama, ndipo yanaanza kupwa.

Tuseme yanapanda mita 3 kwa saa sita hivi. Mabaharia wana makadirio yao ya zamani: saa ya kwanza sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25.

Mwambie kijana achore kina cha maji kwa kila saa. Atapata mstari uliolala chini, wenye mwinuko mkali katikati, kisha unaolala tena juu. Ukali wa mwinuko ule ndiyo kasi ya maji. Kuutafuta ni nusu ya kwanza ya kalkulasi. Nusu ya pili ni kurudi nyuma: ajumlishe zile sentimita za kila saa, atapata mita 3 zake.

Hapo ataona pia kwa nini vitabu vinasema kwenye kilele mwinuko ni sifuri. Ni maji yaliyojaa, yamesimama.

Fizikia nayo ipo palepale. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua, kwa sababu mwezi na jua vinavuta maji kwa mstari mmoja. Mwezi ukiwa nusu, nguvu ya jua ya kujaza maji, ambayo ni karibu nusu ya ile ya mwezi, inakwenda upande mwingine, tunapata maji mafu. Kijana akilielewa hilo, ameanza kuelewa mawimbi yanavyojumlishwa.

Usimcheke akiuliza

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye jokofu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopoozwa kwanza. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne walichapisha matokeo ya majaribio yao, na hadi leo wanasayansi wanaijadili hali inayoitwa kwa jina lake.

Mzazi ufanye nini?

Muombe akueleze alichosoma kwa Kiswahili cha nyumbani, bila alama za hesabu. Akikwama, hapo ndipo pa kurudia. Aanze na kitu anachokijua, kanuni ifuate baadaye. Maswali ya mazoezi yabaki palepale, maana kuelewa peke yake hakujibu mtihani. Usiku simu ikae mbali naye, alale. Akili iliyochoka haishiki kitu.

Na siku ya bamvua, fuatana naye ufukweni. Mchomeke kijiti chenye alama mahali salama wakati maji yamekupwa, mkae juu mchangani, msiingie kwenye mkondo. Wewe mweleze unachokijua kuhusu maji, yeye aandike namba.