Kompyuta Kuukuu Yapata Uhai Mpya

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kama ilivyozoea, na toka hapo kompyuta nyingi nzima zimehukumiwa kufa hali zingali na nguvu. Windows 11, iliyokuja kuirithi, hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani. Mashine isiyo navyo haikubaliwi. Fundi mmoja hapa Mombasa aliitazama yangu, yenye memori ya GB 4 na umri wa miaka 13, akasema, “Mzee, hii tupa tu, nunua nyingine.”

Sikuitupa. Nina sanduku la tendi za marehemu ami yangu, alizoziandika kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, na karatasi zake mchwa wameanza kuzionja. Nilitaka kuzinakili kabla hazijaisha, na chombo nilichokuwa nacho ni hicho. Nikaazimia kutia Linux.

Wengi walisikiapo jina hilo hudhani ni mambo ya wanasayansi. Asili yake ni kuwa mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza nia ya kuunda mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuuchungulia ndani, kuurekebisha na kumpa jirani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaandika kiini cha Linux, na mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ya Stallman. Waingereza wana taabu hapa, kwani lugha yao ina neno moja kwa mambo mawili. Sisi twajua kuwa bure ni mbali na huru ni mbali. Na huo uhuru ndio mkubwa: aliyeirekebisha kisha akaieneza hana haki ya kuwafungia wenziwe mlango. Sisemi ni wakfu kwa hukumu ya fiqhi, ila aliyekulia karibu na kisima cha msikiti hatakawia kuelewa.

Nilichagua Linux Mint, ile nyepesi ya Xfce, ambayo hutosheka na memori ya GB 2, ingawa 4 ndizo zipendekezwazo. Kwa kompyuta ya mpwa wangu tuliishusha kutoka intaneti, mzigo wa karibu GB 3, tukaitia katika flashi kwa programu maalumu. Kunakili tu kama unakilivyo picha hakufai, na vyote vilivyokuwamo flashini hufutika. Kisha mashine huwashwa huku ukibonyeza F12, au F2, au Esc, kila mtengenezaji na kitufe chake, ukaiambia ianzie kwenye flashi. Hapo pana uungwana mkubwa: mfumo hukuruhusu uuonje wote, intaneti, sauti na kibodi, bila ya kugusa diski. Nyaraka zangu nilikwisha kuziweka kwingine, kwa hivyo niliporidhika nikaamuru diski yote ifutwe. Niliukumbuka ubao wetu wa chuoni: wino wa jana huenda na maji, na ubao ni ule ule.

Haikufika saa nzima. Sisemi imekuwa kijana. Ukiifungulia kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja hutweta, na printa ilinisumbua siku mbili. Lakini LibreOffice, iliyokuja pamoja nayo, huandika kutoka kulia bila ya kulalamika, na hati ya Amiri, aliyoichora Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq, huweka irabu mahali pake. Herufi za p na ch, ambazo Waarabu hawana, nilizipata kwa kuongeza kibodi ya Kiajemi. Kiswahili nacho si mgeni katika kazi hizi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Mtu wa Mvita huona wivu kidogo.

Utenzi wa kwanza wa ami una beti 212. Nimefika ubeti wa 47, ambapo mchwa amelila neno nusu, nami natafuta mzee wa Lamu au Pate wa kunisomea nusu iliyobaki.