Maziwa ya Bonde la Rufiji na Historia ya Maji Yanayokuja

1.0 Utangulizi

Katika ramani za Tanzania zinazotundikwa madarasani, maziwa ya Rufiji hayaonekani. Mwanafunzi hufundishwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa, kisha Rukwa, Eyasi, Natron na Manyara. Kusini ya Dar es Salaam huonyeshwa mstari mmoja wa buluu unaoshuka kutoka bara na kugawanyika kama vidole vya mkono kabla ya kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Hata hivyo, kandokando ya mstari huo, kati ya Mloka na mwanzo wa delta, upo mlolongo wa maziwa ya kudumu yapatayo kumi na matatu, miongoni mwao Zumbi, Mtanza, Uba, Utunge, Ruwe na Lugongwe. Juu zaidi, katika eneo lililokuwa la Pori la Akiba la Selous na ambalo tangu 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yapo Tagalala, Manze, Nzerakera na Siwandu. Haya ya juu yanajulikana kwa watalii. Yale ya chini yanajulikana kwa wavuvi.

Makala hii inakusudia kueleza maziwa hayo ya chini na historia ya watu wanaoyategemea. Hoja yake ni kwamba ziwa la Rufiji hueleweka vizuri zaidi likitazamwa kama tukio kuliko likitazamwa kama mahali. Ziwa hili huishi kwa maji yanayokuja na kuondoka. Historia ya bonde tangu enzi za ukoloni ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kutoelewana baina ya wanaoyaita maji hayo maafa na wanaoyangojea.

Tofauti hiyo imo hata ndani ya lugha. Kitenzi -furika hakina ubaya kwa asili yake: mto hufurika, uwanja hufurika watu, moyo hufurika furaha. Lakini nomino mafuriko, katika Kiswahili cha magazeti na cha ofisi, karibu daima hufuatana na waathirika, hasara na misaada. Afisa anayeandika taarifa ya bonde la Rufiji kwa msamiati huo huwa amekwisha kutoa hukumu kabla hajaanza kueleza.

2.0 Namna ziwa linavyoishi

Mto Rufiji hukusanya maji ya eneo la kilometa za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu sehemu moja kwa tano ya Tanzania Bara. Takriban tatu kwa tano ya maji hayo hutoka Kilombero. Yaliyobaki huletwa hasa na Luwegu na Ruaha Mkuu. Yote hukutana na kupenya katika korongo jembamba ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kwa jina la Mjerumani, Stiegler, kisha hutoka uwandani. Huko uwandani mto hupunguza mwendo na kutua tope lake. Kwa kuwa umetua tope kwa karne nyingi, kingo zake zimeinuka kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Maji yakizipita kingo hizo, au yakiingia kwa vijito vinavyozikata, hayarudi mtoni mara moja. Hukaa mabondeni pembeni, na hapo ndipo penye maziwa.

Baadhi ya maziwa ni mikono ya zamani ya mto iliyoachwa ulipobadili njia. Mengine yamo katika mabonde ya vijito ambavyo midomo yake imezibwa na tope la mto mkubwa. Kwa namna zote mbili, ziwa huunganishwa na mto kwa majuma machache tu, kwa kawaida kati ya Machi na Mei, na Aprili ndiyo kilele. Katika majuma hayo samaki huingia, huzaliana katika majani yaliyozama, na watoto wao hukulia humo. Perege na kambale wanaovuliwa Septemba ni matokeo ya Aprili. Mwaka ambao mto haufiki kimo cha kuvuka, ziwa hubaki na samaki wa zamani na maji ya zamani. Miaka ikifuatana hivyo, kina hupungua, jua hula kingo, na wavuvi huhamia kwingine. El Niño ya 1997 na 1998, inayokumbukwa nchini kwa madaraja na barabara zilizochukuliwa na maji, kwa maziwa haya ilikuwa neema.

3.0 Mlau na dungu

Kilimo cha bonde kimefungamana na mwendo huo huo. Mpunga hupandwa kwa mvua za Desemba na Januari ili mmea uwe umekwisha kupata kimo maji ya mto yanapofika. Mbegu za kienyeji zilichaguliwa kwa uwezo wa kurefuka pamoja na maji, na mkulima anayezijua huzitofautisha kwa kina cha shamba lake. Baadaye maji yakipungua, katika tope lililobaki na unyevu wake, hupandwa mahindi, maboga, kunde, na zamani pamba kwa wingi. Kilimo hiki cha pili ndicho mlau. Hakihitaji mvua wala mbolea, kwa kuwa vyote viwili vimeletwa na mto. Afisa wa kilimo wa Kiingereza, H. Marsland, alikiandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938, na yafaa isemwe kwamba alikitazama kwa heshima kuliko wengi waliomfuata.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba misimu miwili hulipana. Maji yakija mapema au kwa nguvu, mpunga huzama, lakini tope huenea mbali na mlau huwa mwingi. Maji yakiwa kidogo, mlau hupungua, lakini mpunga huenda ukaokoka. Maangamizi halisi ni pale vyote viwili vinapokosekana, na hilo si jambo la kila mwaka. Ndiyo maana Warufiji hawakulikimbia bonde maji yalipopanda. Walipanda juu: dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo, ambacho mahali pengine pa Uswahilini ni ulingo wa mlinda ndege, huku ni nyumba ya kulala, kupikia na kungojea, na mtumbwi umefungwa kwenye nguzo yake.

Mpunga huu haukuwa wa tumbo tu. Katika karne ya 19 Rufiji iliuza nafaka hadi Unguja, na utajiri wa bonde uliwavuta wapelelezi. Sultani wa Unguja alimtuma William Beardall kuuchunguza mto mwanzoni mwa miaka ya 1880.

4.0 Kidimbwi cha Ngarambe

Wasomi wa fasihi hukutana na maji ya Rufiji kwa mlango mwingine. Kinjikitile Ngwale, aliyeishi Ngarambe kusini ya mto, alianza kutoa dawa ya maji mwaka 1904, na vita vya Maji Maji vikalipuka Julai 1905. Masimulizi yaliyokusanywa na G. C. K. Gwassa katika miaka ya 1960 yanaeleza kwamba alichukuliwa na pepo hadi ndani ya kidimbwi na kutoka siku ya pili, nguo zake zikiwa kavu. Ebrahim Hussein alilijenga tukio hilo katika tamthilia yake, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969.

Uhakiki wa tamthilia hiyo umeshughulika mno na maji kama itikadi: imani inayounganisha watu na kisha kuwaponza. Usomaji huo una haki yake. Lakini kwa mtu wa Rufiji kuna jambo la awali zaidi. Kidimbwi ni mahali panapobaki na uhai mto ukiondoka, na anayetoka humo akiwa na habari ametoka mahali ambapo habari za mwaka hupatikana kweli. Dawa ya maji haikubuniwa mahali pasipo na maana ya maji.

5.0 Mipango ya kuyazuia maji

Mwaka ule ule tamthilia ilipochapishwa, madungu yalikuwa yakiachwa. Fikra yenyewe ilikuwa ya zamani. Tangu taarifa ya Alexander Telford ya mwaka 1929 kuhusu mabonde ya Rufiji na Kilombero, hadi juzuu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zilizotolewa mwaka 1961, bonde lilielezwa kama hazina inayosubiri kufunguliwa kwa matuta, mifereji na bwawa. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yaliipa Serikali sababu ya kutenda. Katika Operesheni Rufiji wakazi walihamishwa kutoka bondeni hadi miinuko, hasa ya upande wa kaskazini, na kupangwa katika vijiji vya ujamaa kama vile Mkongo na Ngorongo.

Shule na zahanati zilijengwa, na hilo lisipuuzwe. Lakini mashamba hayakuhama. Ardhi ya miinuko ni mchanga, na tope lilibaki bondeni, mara nyingi ng'ambo ya mto. Mkulima alilazimika kuvuka kwa mtumbwi au kulala shambani, na asipolala, nguruwe na viboko walivuna kabla yake. Audun Sandberg, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, alionyesha jinsi operesheni hiyo ilivyovunja mpango wa uzalishaji uliokuwa umejengwa juu ya kuishi pamoja na maji. Baada ya muda watu walianza kuteremka tena msimu kwa msimu, na madungu yakarudi. Katika takwimu walikuwa wakazi wa vijiji vya juu. Katika maisha walikuwa na makazi mawili.

6.0 Delta na Kibiti

Maji yakishapita maziwa huingia katika delta, nchi ya Wanyagatwa na wenzao, yenye msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000. Vitabu vya Ulaya kuhusu delta hii karibu vyote vinahusu meli moja, Königsberg, iliyozamishwa humo Julai 1915. Jambo la kudumu zaidi ni boriti, zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba na kuezeka nyumba za nchi zisizo na miti. Mkoko, mkandaa, mchu, msinzi na mkomafi kila mmoja una mahali pake kulingana na chumvi, na chumvi hupangwa na nguvu ya mto. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ilihamia matawi ya kaskazini. Wakulima wa mpunga wakayafuata, na mikoko ikakatwa palipokuwa na maji matamu. Tangu mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mpaka wa utawala haukuufuata mto. Wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, sehemu kubwa ya delta ilikwenda Kibiti, na maziwa mengi ya bondeni yakabaki Rufiji, ambayo makao yake yalikuwa Utete. Mji wa Kibiti wenyewe uko juu, kwenye barabara iendayo Lindi, mbali na maji. Ofisi mbili sasa zinahesabu maji yale yale.

7.0 Bwawa

Ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza mwaka 2019 katika korongo lililotajwa hapo juu. Kujazwa kwake kulianza Desemba 2022, mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, na mitambo yote tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025. Nchi iliyozoea mgawo wa umeme haina sababu ya kulidharau jambo hilo.

Lakini Aprili 2024, bwawa likiwa karibu kujaa na mvua zikiwa nyingi, maji yaliyozidi yaliachiliwa, na sehemu za Rufiji na Kibiti zilizama pamoja na nyumba na mashamba. Serikali ilieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi, wengine hawakukubali. Katika mabishano hayo neno lililotawala lilikuwa tena mafuriko, na swali lililoulizwa lilikuwa namna ya kuyakomesha. Waliozama waliulizwa kwa nini walikuwa bondeni, kana kwamba mwaka 1969 ulikuwa haujapita.

Swali la pili halikusikika sana: nini kitayapata maziwa katika miaka ambayo hakuna kitakachozidi? Mtambo wa umeme hutaka maji yatoke kwa usawa, Januari kama Julai. Mto unaotiririka kwa usawa huo hubaki ndani ya kingo zake, na tope lake hutua bwawani. Utunge na Ruwe hayahitaji maji ya mwaka mzima. Yanahitaji majuma machache ya Aprili, mto ukiwa umepanda vya kutosha kuvuka kingo, hata kama haukufika mlangoni mwa nyumba.