Trekta Zuri Lianzie Kwenye Kiti

Msimu wa kulima ukikaribia Kigwa, mashariki mwa Tabora, maswali kuhusu trekta la kukodi huwa yale yale. Lina nguvu farasi ngapi? Linakunywa dizeli kiasi gani? Vipuri vyake vinapatikana mjini? Kiti hakiulizwi, na anayekikalia kuanzia alfajiri hadi jua kuzama ni dereva.

Kigwa ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara. Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1871 akielekea Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walipita miaka mingi kabla yake wakiwa na mizigo ya kilo 30 na zaidi mabegani. Kazi ya nchi hii imebebwa na migongo ya watu tangu zamani, na trekta lililetwa ili kuipumzisha. Je, matrekta ya zamani yaliipumzisha kweli?

Tuanze na Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, zaidi ya matrekta 500,000. Lote lilipakwa rangi ya kijivu. Boneti lake ni fupi na limeviringika, hivyo dereva huona vizuri magurudumu ya mbele na mstari wa tuta. Kiti chake ni bati nene lililokunjwa kama karai, likiwa juu ya kipande cha chuma kinachonesa. Hakina cha kuchanika na mvua haikiozeshi. Lakini springi isiyo na shokamzoba hurudisha kila mtikisiko, na shamba lenye visiki vya miombo halina huruma. Mhimili wa nyuma wa trekta la namna hii hauna springi. Kati ya ardhi na uti wa mgongo kuna tairi na kiti tu.

Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa 1964, lilibadilisha sura: boneti jekundu lenye kingo zilizonyooka, injini na rimu za kijivu. Watu wengi wakisikia neno trekta, hiyo ndiyo picha inayowajia. Kiti cha sponji chenye egemeo kilimpa dereva pa kuegemeza kiuno. Kasoro yake ni umri: sponji hubonyea, ngozi bandia hupasuka kwa jua, na dereva huishia kukalia gunia lililokunjwa.

Marekani walilifikiria jambo hili mapema. Mwaka 1937 kampuni ya John Deere ilimwita mbunifu Henry Dreyfuss ayape matrekta yake sura nzuri. Kazi iliyoanzia kwenye boneti ikafika kwenye kiti: kwa matrekta mapya ya 1960, aliombwa ushauri Dkt. Janet Travell, bingwa wa maumivu ya misuli aliyemtibu John F. Kennedy. Hata trekta dogo la bustani lilipewa heshima hiyo. Mwaka 1969 kampuni ile ile iliuza matrekta ya bustani yenye mwili mweupe, na mteja akachagua rangi ya boneti na kiti: nyekundu, chungwa, buluu au njano.

Kwetu mashine ndogo ni pawatila, na anayelima nayo kwa kawaida hutembea nyuma yake. Akiifunga tela hupata pa kukaa, mara nyingi ubao au bati. Ukiiweka kando ya matrekta yale ya bustani, tofauti ni kwamba kule mtu alikalia kiti kizuri kukata majani ya nyumbani kwake. Huku aliye kwenye bati anatafuta riziki.

Kwa hiyo anayenunua trekta la zamani alipande kwanza. Akanyage klachi hadi mwisho aone kama nyonga inapinda. Ageuke kutazama plau. Alikalie injini ikiwaka, kisha alipitishe kwenye matuta. Aliye nalo tayari amwite fundi abadilishe sponji na springi, na afunike kiti kwa turubai la rangi nyepesi lisiloshika joto sana.

Rangi mpya huongeza bei siku ya kuuza. Kiti kizima humwezesha dereva kurudi shambani kesho bila kushika kiuno, na mmiliki anayejali hilo ndiye anayestahili kukodiwa trekta lake.