Siri ya Salme na kazi ya mtunzi wa riwaya ya kihistoria

RIWAYA ya mahaba ya kihistoria huota mizizi pale ambapo maandishi yamenyamaza. Hebu mtazame Salme, bintiye Sultani Seyyid Said wa Zanzibar. Mnamo 1866 alitorokea Aden kwa meli ya Waingereza akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Mei 30, 1867 alibatizwa, akaolewa, akasafiri kwenda Ulaya. Yote siku moja!

Ila katika tawasifu yake ya 1886, habari za mimba hiyo hazimo. Basi mtunzi wa riwaya asiguse tarehe. Hizo ni mali ya historia. Lake yeye ni kuuliza: kwa nini Salme alikuwa bado ananyamaza miaka 20 baadaye? Alimwogopa nani?