Kazi ya Bidii na Neno "Hardly"

Mtoto wa Kalemng'orok, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Kainuk kwenda Lokichar na Lodwar, huonja lugha tatu mapema. Nyumbani husema Kiturkana, lugha ambayo kitenzi hutangulia katika sentensi. Dukani husema Kiswahili. Na shuleni hukikuta Kiingereza, ambacho baadaye atatakiwa kuandikia taarifa za ofisi. Basi si ajabu akijikwaa. Lakini kuna kujikwaa kunakochekesha tu, na kuna kujikwaa kunakoweza kuwakosesha watu chakula.

Mfano wake ni huu. Watu wamechimba mfereji wa kumwagilia mashamba, juani, kwa ahadi ya kupewa mahindi. Karani ataka kupeleka habari Lodwar kwamba walifanya kazi kwa bidii. Alifundishwa kuwa kielezi cha Kiingereza, yaani neno lielezalo jinsi tendo lilivyotendeka, hupatikana kwa kuongeza "-ly": "slow" huwa "slowly", na "quick" huwa "quickly". Kwa hiyo aandika: "The men worked hardly." Mkubwa wake akisoma hayo ataelewa kwamba watu wale nusura wasifanye kazi kabisa! Ilipasa kuandikwa: "The men worked hard." Neno "hard" halihitaji kuongezwa kitu; ni lile lile likieleza jiwe gumu, na lile lile likieleza kazi ya bidii.

Hata hivyo karani huyo asidharauliwe. Waingereza wenyewe hapo kale walitumia "hardly" kwa maana ya "kwa nguvu". Maana ya sasa ilianza katika karne ya 16, nayo ikaifukuza ile ya kwanza. "Late" na "lately" ni ndugu wa namna hiyo hiyo: lori lililochelewa "came late", bali "lately" ni "siku hizi za karibuni".

Tena kuna jambo la mahali pa kielezi. Mswahili husema, "Tunamshukuru sana mwalimu," na "sana" hukaa raha mustarehe baada ya kitenzi. Kiingereza hakipendi kielezi kijipenyeze kati ya kitenzi na mtendewa wake. Asemaye "We thank very much the teacher" hueleweka, lakini usahihi ni "We thank the teacher very much."

Neno lenye hatari kuliko yote ni "only". Kiswahili huweka "tu" nyuma ya neno linalohusika, wala hapana shaka. Kiingereza huliweka mbele. "Only the old women received maize" maana yake ni kwamba vikongwe peke yao ndio waliopata mahindi, na wengine walirudi mikono mitupu. "The old women received only maize" maana yake ni kwamba vikongwe walipata mahindi bila maharagwe wala mafuta. Mgawa chakula aliye Lodwar, akiletewa taarifa ya kwanza, atapakia mahindi ya watu wengine wote. Akiletewa ya pili, atapakia maharagwe na mafuta ya vikongwe.