Mitandao ya kijamii inavyobadili mlo wa wanavyuo Nyanda za Juu Kusini

KIJANA aliyekulia Mgololo wilayani Mufindi, eneo linalojulikana kwa kiwanda chake cha karatasi, huondoka nyumbani akiwa amezoea ugali, maharage, viazi na mboga za majani. Akifika chuoni Iringa au Mbeya, hukuta mwamuzi mwingine wa mlo wake: simu aliyoishika mkononi.

Chimbuko la jambo hili si ulimbukeni, kama wazee wengi wanavyodhani. Mitandao kama Instagram, iliyoanzishwa mwaka 2010, na TikTok iliyofuata, huendeshwa na programu zinazopima ni picha ipi iliyomshikilia mtazamaji, kisha zikamletea nyingine za aina hiyo. Kuku wa kukaanga anayechuruzika mafuta humshikilia mtu. Bakuli la kande halina bahati hiyo. Aliyetazama mara moja kwa udadisi huletewa tena na tena, hadi chakula kile kikaonekana ndicho kinacholiwa na rika lake lote.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Posho ya chakula na malazi kwa wanufaika wa mikopo ya HESLB ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Humo humo hutoka kodi ya chumba na bando. Anayenunua sahani ya kupigia picha mchana huenda akalala kwa andazi na soda. Na soda si ya kupuuzwa: chupa ya nusu lita ya kola ina takriban gramu 53 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima.

Upo upande wa pili, unaowaelemea zaidi wasichana: video za kupunguza mwili kwa siku chache, zinazoshauri kuruka milo au kushindia chai. Uzito unaopotea haraka hivyo ni maji kwa sehemu kubwa, nao hurudi. Kinachokosekana ni madini ya chuma na foliki asidi, ambavyo mwanamke huvihitaji hata kabla ya kushika mimba.

Uzito wa suala hili unaonekana katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022. Mkoani Iringa, asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Na huo ni mkoa unaolima chakula kwa wingi. Lishe duni ya mama ni miongoni mwa sababu, na baadhi ya mama wa kesho wako madarasani leo.

Simu hiyo hiyo inaweza pia kusaidia. Wanaopanga nyumba moja wanaweza kuchangishana kupitia WhatsApp, wakanunua mchele na maharage kwa jumla na kupeana zamu za kupika. Hata parachichi, linalolimwa Rungwe, Njombe na Mufindi, limepata hadhi mpya mtandaoni, na wapo wanaolitamani pichani huku nyumbani kwao likidondoka chini ya mti.