Kuchagua Mfumo Endeshi wa Seva

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine usiku na mchana, aghalabu bila mtu kuitazama. Hivyo anayeichagulia mfumo endeshi huria hana budi kuuliza kwanza: kasoro za usalama zitakapogunduliwa, nani atazirekebisha, na kwa miaka mingapi? Uzuri wa skrini si kitu. Seva nyingi hata skrini hazina.

Chukua CentOS, mfumo uliotolewa bure na kuaminiwa na wengi. Toleo lake la 8, la mwaka 2019, lilitarajiwa kutunzwa hadi 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba utunzaji huo ungekoma mwisho wa 2021. Programu haikuharibika, wala msimbo wake haukufichwa. Uliobadilika ni uamuzi wa Red Hat, kampuni iliyoufadhili. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, wengine waliweza kuuendeleza, na mwaka 2021 zikatolewa AlmaLinux na Rocky Linux.

Debian, iliyoanzishwa 1993, huendeshwa na watu wa kujitolea. Kila toleo hutunzwa yapata miaka mitano, na programu zake huwa za zamani kidogo, jambo ambalo kwa seva ni sifa kuliko kasoro.